Ushauri kwa anayeanza kuandika vitabu: nimepita kwa mchapishaji, kwa mchapaji na kwenye simu, haya ndiyo niliyoyaona

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila wiki napokea ujumbe wa aina moja: "Nimemaliza riwaya yangu, nianze na kitabu cha karatasi au niirushe mtandaoni?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niliweke jambo hili hapa kwa kirefu, wenye uzoefu waongeze, na atakayekuja baadaye alikute. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Mimi niko Morogoro. Naandika riwaya za upelelezi na mapenzi tangu 2011. Jina langu si kubwa, ila njia zote tatu nimezipita mwenyewe, na kila moja imenigharimu hela au miaka.

Muswada wangu wa kwanza niliuandika kwenye kaunta buku nne. Nikampelekea binti wa steshenari, akanichapia kwa shilingi 500 ukurasa, zikatoka kurasa 212. Mwaka 2013 nikaufunga kwa kamba ya katani, nikapanda basi kuupeleka kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Walinipokea vizuri, wakaandika jina langu kwenye daftari, wakaniambia wasomaji wao wataupitia na baada ya miezi mitatu nitapata majibu. Miezi mitatu ikawa mwaka. Nikipiga simu naambiwa bado uko kwa wataalamu. Nikienda mwenyewe naambiwa mhusika katoka. Baada ya miaka miwili na miezi minne nilikwenda kuuchukua. Dada wa mapokezi alikuwa mgeni, akapekua kabati la chini, akautoa. Kamba ilikuwa ileile na fundo lilelile nililofunga mimi nyumbani. Hakuna aliyekuwa ameufungua.

Sikulia pale, nililia kwenye basi, tulipofika Chalinze.

Kwa uchungu ule nikasema basi, nachapa mwenyewe. Na hapa nisimame kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapopotelea. Kiswahili chetu kimetofautisha mchapishaji na mchapaji, lakini mtaani tunawaita wote jina moja. Mchapishaji anauchagua muswada wako, anaweka mhariri, anaweka hela yake, anatafuta soko, na wewe anakulipa mrabaha, mara nyingi kama asilimia 10 ya mauzo. Mchapaji ni mwenye mashine. Unamlipa, anachapa, mmemalizana. Ukimpa kurasa zenye makosa atachapa makosa hayo, na wala hana kosa, si kazi yake kusoma. Matatizo yanaanza pale mwenye mashine anapojitangaza kuwa mchapishaji, anakuchaji wewe hela ya kila kitu, kisha kwenye karatasi ndogo anaandika kwamba haki za kitabu ni zake. Ukiombwa hela ili kitabu chako kitoke, jua uko kwa mchapaji, haidhuru bango la mlangoni linasemaje.

Mimi nilikwenda kwa mchapaji kwa macho yangu mawili. Nakala 1,000, shilingi milioni 2.6, nusu nimekopa kwenye VICOBA. Maboksi yalifika Ijumaa jioni. Nikafungua la kwanza, gundi bado inanukia, jalada zuri, jina langu juu kwa herufi nyekundu. Nikasoma nikiwa nimesimama mlangoni. Kufika ukurasa wa 96, nafunua, nakuta 81. Nikafikiri nimeruka. Kumbe kurasa 81 mpaka 96 zimejirudia, na 97 mpaka 112 hazimo kabisa.

Kwa wasiojua: mashine kubwa haichapi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja pana hubeba kurasa 16, nane huku na nane kule, halafu hukunjwa na kuwa kifurushi. Kitabu ni vifurushi vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikabandikwa gundi mgongoni. Mpangaji akichota kifurushi cha sita mara mbili akasahau cha saba, ndiyo hayo. Nilikaa kwenye mkeka na mdogo wangu tukafunua kitabu kimoja kimoja mpaka alfajiri. Vibovu vilikuwa 138. Jumatatu nikaambiwa, "Si ulisaini sampo?" Na kweli nilisaini. Sampo ilikuwa nzima.

Vilivyobaki nikavipeleka madukani. Maduka mengi ya vitabu hayanunui kwa anayeanza, yanapokea kwa mali kauli: wanaweka rafuni, kikiuzwa wanakata fungu lao, mimi walinikata asilimia 35, wewe unarudi kudai. Ukiwa na nakala tano Iringa, kumi Dodoma na sita Mwanza, nauli ya kudai inamaliza ulichodai. Boksi mbili ziliingiwa na mchwa, maana niliziweka chini sakafuni. Tafadhali, usiweke vitabu sakafuni, weka juu ya mbao.

Na jambo ambalo nalijutia kuliko fedha: kitabu hakikuwa na mhariri. Msomaji mmoja wa Kilosa ndiye aliyenipigia kuniambia kwamba mke wa mpelelezi wangu anaitwa Zainabu mpaka sura ya tano, kuanzia ya sita anaitwa Zawadi.

Mwaka 2017 nikaanza kuandika hadithi mpya kwenye Facebook. Kila siku saa mbili usiku, sehemu moja, maneno kama 900. Sikuwa na matumaini nayo. Sehemu ya nne watu wakaanza kuniita "mtunzi". Ya saba wakawa wananigombeza nikichelewa. Kuna dereva wa malori aliniandikia: "Mtunzi, hiyo gari imetoka Mikumi inakwenda Iringa, inapitaje Kitonga kwanza ndipo ifike Ruaha Mbuyuni? Ruaha Mbuyuni iko kabla ya mlima." Nikarekebisha usiku uleule. Kwenye kitabu cha karatasi kosa lile lingekaa humo mpaka leo.

Sehemu ya 12 nikaikatia mahali pabaya, mlango unagongwa na ndani kuna maiti, nikaandika kwamba zinazofuata zitakuwa kwenye kundi la WhatsApp kwa shilingi 1,000 mpaka mwisho. Niliweka simu juu ya ndoo ya maji jikoni nikaendelea kusonga ugali. Ikaanza kutetemeka. Mpaka naipua, miamala 37. Mwisho wa wiki watu 214. Shilingi 214,000, bila karatasi, bila nauli, bila mali kauli. Kitabu kilichokula milioni 2.6 hakikuwahi kuniingizia kiasi hicho ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo nilidhani nimefika. Nikakusanya hadithi yote kwenye PDF moja, nikaiuza 3,000. Nakala kama 60 hivi zikanunuliwa siku mbili za kwanza, kisha kimya. Wiki ya pili binamu yangu wa Tabora akanitumia PDF ya hadithi yangu: "Soma hii, kali sana." Jalada limebadilishwa, jina la mtunzi si langu, na chini kuna namba ya kulipia ya mtu nisiyemjua.

Sasa msimamo wangu, baada ya yote hayo. Anayeanza, hasa wa riwaya za watu wazima, aanze na simu. Si kwa sababu ni rahisi, bali kwa sababu ndiko kuna wasomaji watakaokuambia ukweli kila siku, na mwandishi anayeanza anahitaji hao kuliko anavyohitaji jalada. Ila usiuze PDF nzima ya kazi ambayo bado unaitegemea. Uza sehemu kwa sehemu, kila siku. Mwizi anachoka kufuatilia hadithi ya siku 40, na msomaji aliyezoea saa mbili yake hataki kusubiri mwizi. Wakati huohuo andika namba za wasomaji wako kwenye daftari lako mwenyewe. Nasisitiza daftari. Kundi likifungwa au akaunti ikiibiwa, uliyeanza naye umempoteza. Wanaijeria walikuwa na OkadaBooks, jukwaa la kuuzia vitabu vya kwenye simu lililoanza 2013, waandishi wengi chipukizi walikuwa wanalitegemea. Mwishoni mwa Novemba 2023 likafungwa. Mwenye wasomaji wake pembeni aliendelea, ambaye wasomaji wake wote walikuwa mle ndani alianza upya.

Ukishafikisha wasomaji 300 wa kulipa, hapo ndipo uchape. Mwaka 2021 niliwatangazia wangu kwamba hadithi ileile itatoka kitabu, imehaririwa, 10,000, anayetaka alipe kabla. Walilipa 163. Nikamlipa mhariri kwanza, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtu mkali kwelikweli, kisha nikachapa nakala 200 kwa mashine ya kidijitali. Kila nakala ni ghali kuliko ukichapa 1,000, lakini sikulala na boksi chumbani. Waliokwishaisoma kwenye simu ndio hao walionunua karatasi. Mmoja aliniambia anataka mama yake aione, na mama hana simu kubwa.

Kuna wanaosema hadithi za kuendelea si uandishi. Nawaheshimu, ila historia yetu inasema vingine. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam 1923, na Shaaban Robert alipeleka mashairi yake humo wakati bado ni karani wa serikali. Eric Shigongo alijulikana nchi nzima kwa hadithi za magazetini. Na kujichapishia nako si kwa juzi: Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko Publishers, miaka ya themanini, riwaya zikauzwa mpaka stendi za mabasi. Walitafuta wasomaji kule walikokuwa wamekaa. Leo wamekaa kwenye simu.

Karibuni. Maswali ulizeni, nitajibu kwa zamu, leo nina umeme.

#2 Mchangiaji, Mombasa

Kongole kwa uzi huu, ndugu yangu. Fundo lile limeniuma. Lakini niruhusu nitete upande wa pili, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nimechapishwa na kampuni ya vitabu hapa Kenya.

Muswada wangu wa hadithi fupi ulikaa kwa mhariri miezi kumi na mmoja. Uliporudi ulikuwa mwekundu kila ukurasa. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaketi kuusoma upya. Mhariri yule, mama mmoja, alikuwa ameona kwamba hadithi zangu tatu zina mwisho mmoja, na mimi mwenye hadithi sikuwa nimeona. Wasomaji mia mbili wa WhatsApp watakwambia gari imekosea njia. Hawatakwambia kwamba hujui kumaliza hadithi, maana wao wanataka sehemu ya kesho.

La pili ni shule. Huku kwetu, kitabu kisipopita kwa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, hakiingii darasani, na kikipita, hasa kikawa kitabu teule cha fasihi, unalisha watoto wako kwa miaka. Tangu 2018 serikali yenyewe ndiyo hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni. Mtunzi aliyejichapishia nakala 200 hawezi kuingia mlango huo kwa urahisi. Kwa hivyo anayeandikia watoto na vijana, naomba asiikate tamaa karatasi, wala asimkimbie mchapishaji kwa sababu mmoja alilaza muswada kabatini.

#3 Mleta uzi

Mwalimu, nashukuru sana, na kuhusu mhariri nakubali bila kuongeza neno. Ndiyo maana mimi sasa namlipa mhariri kabla sijalipa jalada. Muswada ule ungefunguliwa na mama kama huyo wako, ningekuwa mwandishi bora miaka mitano mapema. Siwachukii wachapishaji. Nililia kwa sababu nilikuwa nawahitaji.

Kuhusu shule uko sahihi pia. Kwetu mlango huo uko kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kitabu cha ziada hakiingii shuleni bila ithibati yao, na wanaangalia maudhui, lugha, michoro, hata ukubwa wa herufi kwa madarasa ya chini. Hadithi za watoto zina michoro, na mchoraji mzuri ana bei yake. Hapo mchapishaji mwenye mtaji ana nafasi yake halali. Nimeandika juu kwamba simu ni ya riwaya za watu wazima. Mtoto wa darasa la pili hana simu, na sitaki awe nayo.

Niongeze tuzo, maana nimesahau. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, mshindi wa kwanza akapata shilingi milioni 10 na muswada wake kuchapishwa. Na ile ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Kwa hiyo kabla hujarusha hadithi yako bora Facebook, soma masharti ya tuzo. Kazi ikishatoka hadharani inaweza kukufungia mlango. Mimi nina miswada miwili ambayo siigusi mtandaoni kabisa kwa sababu hiyo.

#4 Mchangiaji, Mbeya

Mkuu nimeweka kambi hapa. Swali: hakimiliki nasajili wapi, na hiyo ISBN nikishaipata si ndiyo inazuia watu kuiba? Halafu huyo mwizi wa PDF ulimfanya nini?

#5 Mleta uzi

Mkuu, ISBN haizuii chochote. Ni namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13 tangu 2007, ili muuza vitabu na maktaba wajue ni kitabu gani, cha nani. Nyingi za kwetu baada ya 978 hufuatiwa na 9976 au 9987, nyingi za Kenya 9966. Unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Kitabu cha karatasi kina yake, na cha kielektroniki kinatakiwa kiwe na yake, usitumie moja kote kuwili.

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Sheria yetu ya 1999 haikudai usajili ndipo uwe na haki, na haki hiyo inakaa nawe maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, watoto wakarithi. Usajili wa COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, unakusaidia siku ya ugomvi, unakuwa na karatasi yenye tarehe. Mimi sasa nasajili. Wakati ule sikuwa nimesajili, lakini kaunta buku zangu nne za kwanza zilinifundisha kitu: hadithi ile ya Facebook pia niliiandika kwa mkono kwanza, na tarehe kila sehemu. Nilipiga picha kurasa, nikamtumia yule bwana pamoja na viungo vya sehemu zote 12 za Facebook, tarehe zinaonekana. Nikamwambia nampa siku tatu kabla sijaenda mbele. Aliifuta siku ya pili. Hela aliyokula hakurudisha, na PDF bado inazunguka. Siku hizi nikituma sehemu naweka jina langu na namba yangu katikati ya maandishi, ndani ya aya, si juu wala chini. Mwizi kuvifuta kila mahali ni kazi.

#6 Mchangiaji, Muscat

Asalaam aleikum. Mimi nasoma tu, siandiki. Nataka mujue upande wetu wasomaji wa mbali. Bibi yangu alitoka Unguja, Kiswahili nimezaliwa nacho nyumbani, na huku kupata kitabu kipya cha Kiswahili ni mpaka mtu asafiri akutilie kwenye sanduku. Mara ya mwisho nilipata vitatu, vikasomwa na nyumba sita. Mukiweka sokoni kwa njia ya simu sisi tutanunua, tena kwa bei ya huku. Lakini kulipia kwa namba za simu za Tanzania hatuwezi. Munatusahau.

#7 Mleta uzi

Waaleikum salaam. Umenigusa, na ni kweli tumewasahau. Kwa wasomaji wa nje ndipo maduka makubwa kama Amazon yanapokuwa na maana, kwa sababu kadi ya benki inalipa kutoka popote, na wanaweza kuchapa nakala moja moja kwa agizo na kuituma.

Ila waandishi wenzangu wajue hesabu kabla. Ukiweka bei ya kitabu cha Kindle, yaani cha kielektroniki cha Amazon, kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kupata asilimia 70, tena kwa mauzo ya nchi walizoziorodhesha tu, kwingine ni 35. Chini ya hapo, 35. Kitabu cha senti 99 kinakupa kama senti 35. Mauzo ya Marekani yanakatwa kodi asilimia 30 ya mrabaha kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Halafu kuna namna ya kuifikisha hela nyumbani, ambayo nayo ina makato. Kwa mtu ambaye wasomaji wake wako Mbagala na Mbalizi, njia hiyo haimfai hata kidogo, lipa namba inatosha. Kwa wasomaji wa Muscat, London na Minneapolis, inaweza kufaa, ila hakikisha kwanza kama wanapokea vitabu vya Kiswahili. Dada au kaka wa Muscat, kitabu cha 2021 nitakitafutia njia mwezi huu, na nikifanikiwa nitaandika hapahapa.

#8 Mchangiaji, Dar es Salaam

Kaka nimesoma yote mara mbili. Mimi nina miaka 23. Hadithi yangu niliweka Facebook, imefika sehemu ya 31. Jana kuna kampuni imenipigia, wanataka kuichapa kitabu. Wananipa laki tano taslimu, kesho saa nne nikasaini. Nyumbani wamefurahi sana, mama kaniambia nisichelewe. Naomba ushauri wa haraka.

#9 Mleta uzi

Mdogo wangu, hongera kwanza. Wamekufuata wao, maana yake kazi yako ina watu. Laki tano najua ni nini nyumbani, siibezi.

Ila nisikilize. Je, laki tano ni malipo ya awali ya mrabaha au ndiyo bei ya hadithi? Kama ni ya awali, utaendelea kupata kila nakala inapouzwa. Kama ndiyo bei, umeuza, na kitabu kikiuzwa miaka 20 huna lako.

Pili, angalia wanachukua haki zipi. Karatasi peke yake, au na simu, na sauti, na filamu, na tafsiri? Haya si maneno ya wanasheria tu. Mwaka 2001 Random House, wachapishaji wakubwa wa Marekani, waliwapeleka Rosetta Books mahakamani New York, kwa sababu Rosetta walikuwa wanatoa vitabu vya kielektroniki vya waandishi kama Kurt Vonnegut na William Styron. Random House walisema mikataba ya zamani iliwapa haki ya kuchapa kazi hizo katika umbo la kitabu. Jaji akakataa kuwazuia Rosetta, akaona maneno hayo hayakubeba kitabu cha kielektroniki. Waandishi wale walibaki na haki ya kitu ambacho hakikuwepo walipokuwa wanasaini, kwa sababu ya maneno machache tu. Wachapishaji wengi wamejifunza, sasa wanaandika "kwa njia yoyote, iliyopo na itakayokuja". Sisi waandishi ndio hatujajifunza.

Tatu, mkataba una mwisho? Wasipochapa ndani ya muda fulani, haki inarudi kwako? Nakumbuka kabati lile la chini. Bila kipengele hicho, hadithi yako inaweza kulala humo na wewe huruhusiwi hata kuiendeleza Facebook.

Fungua mkataba, soma kipengele cha haki, kiandike hapa bila kutaja jina la kampuni.

#10 Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimeufungua sasa hivi. Kipengele cha 4: "Mwandishi anamwachia Mchapishaji haki zote za Kazi, kwa njia yoyote, duniani kote, bila ukomo." Kipengele cha 5 kinasema laki tano ni "malipo kamili". Mrabaha haujatajwa popote. Muda wa kuchapa haujatajwa.

#11 Mleta uzi

Usisaini kesho. Nenda, wasalimie vizuri, wala usigombane, maana wanaweza kuwa watu wazuri wanaotumia karatasi waliyoikuta ofisini. Waambie unawapa haki ya kuchapa kwa karatasi, kwa Kiswahili, Tanzania, miaka mitano. Kitabu kitoke ndani ya miezi 12, kisipotoka haki irudi. Mrabaha uanzie asilimia 10, laki tano ikatwe humo. Simu, sauti na filamu zibaki kwako. Wakikubali nusu ya hayo rudi hapa tuangalie ni nusu ipi. Wakikataa yote, una sehemu 31 na wasomaji wanaosubiri ya 32.

Mama mwambie ukweli usiku huu, asije akashtuka kesho ukirudi mikono mitupu. Kama atataka kuongea na mtu mzima, namba yangu nakutumia kwa ujumbe wa siri, nitampigia mimi mwenyewe.

#12 Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimemwambia. Amenyamaza kidogo, halafu ameuliza sehemu ya 32 inatoka saa ngapi.